Kupiga kambi kutoka Likoni hadi Vanga: mwongozo kwa anayeanza

Likizo ikikaribia maswali huwa ni yale yale. Lazima gari liwe la 4x4? Hema ni lipi zuri? Kulala ufuoni ni bure? Kuna usalama huko? Nimeyajibu kwa mdomo hadi nimechoka, basi nayaandika yote hapa. Njia ninayoieleza ni ya kusini: kutoka Mombasa, kupitia Gazi na Shimoni, hadi Vanga, mji wa mwisho kabla ya mpaka wa Tanzania. Hadi Lunga Lunga, unapokatia kwenda Vanga, ni lami tupu, kama kilomita 100 hivi, na mtu mwenye haraka huimaliza kabla jua halijawa kali. Wewe huna haraka. Tenga siku nne: usiku mmoja Gazi, miwili Shimoni, na siku ya tatu Vanga au kisiwa cha Wasini, uende urudi.

Jambo moja ulishike kabla ya mengine: safari ya pwani haipangwi kwa kilomita, hupangwa kwa maji. Saa ya kufika, mahali pa kusimamisha hema, siku ya kuvuka kwenda Wasini, siku ya kutokanyaga Vanga kabisa, yote hayo huamuliwa na maji kujaa na kupwa. Ukipanga kama mtu anayekwenda Naivasha, alfajiri utaamshwa na bahari mlangoni.

Msimu na maji

Likizo ya Aprili ndiyo mbaya kuliko zote. Masika huwa yameanza, njia za ndani huteleza, na mbu ni wengi. Agosti ni msimu wa kusi: mvua imepungua lakini upepo ni mkali, bahari imechafuka, na mwani hurundikana ufuoni. Watu huenda na hurudi salama, ila safari ya mashua inaweza kuahirishwa. Matlai, kipindi cha kati ya kusi na kaskazi mnamo Oktoba na Novemba, bahari hutulia, ingawa vuli inaweza kukunyeshea. Mimi nikiulizwa nachagua Januari au Februari. Joto lipo, lakini barabara ni kavu na wageni wa Krismasi wamekwisha kurudi kwao.

Sasa maji. Kwa siku bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku saa husogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina hapa kwetu hukaribia mita 4. Katikati yake ni maji mafu, ambapo mwendo wa bahari haufiki hata nusu ya huo.

Huhitaji kuwa mvuvi kuyajua haya. Tazama tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Mwezi 1 na mwezi 15 ni bamvua, na hukolea siku moja mbili baadaye. Mwezi 8 hadi 10, na 22 hadi 25, ni maji mafu. Siku za bamvua pande hizi maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne. Siku za maji mafu ni kinyume chake. Kwa saa kamili tumia jedwali la maji la Kilindini. Programu nyingi za simu zinalo.

Vya kuandaa kabla ya kutoka

Gari kwanza, maana ndilo swali la wengi. 4x4 si lazima. Gari dogo lililoinuka kiasi linafika kote nitakakokutaja, mradi mvua haijanyesha. Probox inafika, swali ni dereva. Kilicho lazima ni spea yenye upepo, jeki pamoja na ubao wa kuweka chini yake (jeki bila ubao huzama mchangani), pampu ya tairi, koleo fupi na kamba ya kuvuta.

Hema la watu wanne kwa watu wawili au watatu linatosha. Usinunue kwa rangi wala kwa bei. Angalia wavu wa madirisha. Hema lisilopitisha hewa, kwa joto letu, ni tanuri, hutalala. Juu yake uwe na turubai la kivuli na mvua. Chini beba mkeka au jamvi, kisha godoro jembamba.

Vingine:

- Magunia madogo manne hadi sita, matupu, na kamba ya ziada. Kazi yake utaiona hatua ya 6.
- Maji ya kunywa na kupikia, angalau lita 5 kwa kila mtu kwa siku, ndani ya jerikeni. Chupa za plastiki za kutumia mara moja ziache: tangu Juni 2020 haziruhusiwi katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa.
- Jiko la gesi la kilo 6, au jiko la mkaa na mkaa wako mwenyewe.
- Chandarua kama wavu wa hema una tundu, na dawa ya mbu. Malaria Kwale ipo.
- Viatu vya mpira vilivyofunika kidole. Champali hazifai kwenye miamba.
- Tochi ya kichwani, betri ya akiba ya simu, sanduku la huduma ya kwanza.
- Kitambulisho, leseni na karatasi za bima. Unaelekea mpakani, vizuizi vya polisi havikosi.
- Leso mbili tatu. Taulo, pazia, stara ya kuogea, kitambaa cha kubebea samaki: leso hukataa kazi chache sana.

Hatua kwa hatua

1. Chagua tarehe kwa mwezi. Kwa safari ya kwanza ondoka mwezi 7 au 22, ili siku zako nne ziangukie maji mafu. Bahari haitakufukuza usiku, na asubuhi maji yatakuwepo ya kutosha kupandia mashua bila kutembea nusu saa kwenye tope.

2. Simamisha hema nyumbani. Uwanjani, darini, popote. Hesabu vigingi, tazama zipu, mwagia maji uone kama linavuja. Mwite na mwenzako alisimamishe pia, kwa sababu siku ya safari wewe unaweza kuwa unahangaika na tairi.

3. Vuka mapema. Asubuhi umati wa feri hutoka Likoni kuja kisiwani, nawe unakwenda kinyume chao, kwa hiyo ukifika kabla ya saa moja huteseki sana. Jioni mambo hugeuka. Ukiwa upande wa Miritini, au unatoka Nairobi, usiingie mjini kabisa. Pita barabara ya Dongo Kundu utokee kusini bila feri.

4. Simama Ukunda, fanya kila kitu pale. Jaza tangi, toa pesa taslimu za noti ndogondogo, nunua barafu, mkaa na mboga. Mbele vituo vya mafuta vipo lakini ni vichache, na nahodha wa mashua hana chenji ya noti ya 1,000. Kama utaingia hifadhi ya bahari ya Kisite, lipia KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, ukiwa hapa ambapo mtandao una nguvu.

5. Ingia Gazi na ujitambulishe kabla ya kushusha hata sufuria. Hili ndilo jibu la maswali mawili kwa pamoja, la bure na la usalama. Ufuo wa bahari ni wa umma, lakini pale juu unapotaka kulala ni shamba la mtu. Nenda banda la samaki, uliza afisi ya BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, au uliza mzee wa mtaa. Salimia vizuri, sema mko wangapi na mtalala siku ngapi, uliza mwenye shamba au nyumba ya wageni anayepokea hema. Utalipa kitu, na mkubaliane bei mapema. Mazungumzo huenda hivi:

"Asalaam aleikum, mzee. Shikamoo."
"Waaleikum salaam. Marahaba, mwanangu. Mwatoka wapi?"
"Mombasa. Twaomba mahali pa kulala hema, usiku mmoja."

Basi. Kuanzia hapo nyinyi ni wageni wa mtu fulani, na kijiji kizima kinajua. Hakuna mlinzi wa kukodi anayeshinda hilo. Anayejificha kwenye ufuo mtupu ili asilipe ndiye anayesumbuliwa.

Mchana tembea kwenye daraja la mbao linalopita ndani ya mikoko, linaloendeshwa na kikundi cha akina mama wa Gazi. Ukiwaambia mapema wanakupikia. Mikoko hiyo hiyo ndiyo ya mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 huuza hewa ya kaboni na pesa zake hurudi kijijini. Kwa hiyo wazo la kukata mti mmoja tu wa kuni lifute kichwani.

6. Simamisha hema. Hapa nenda polepole, ndipo wengi wanapokosea.

Tafuta mstari wa mwani mkavu na takataka ufuoni. Hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Lakini huo ni mstari wa jana. Ukifika siku za maji mafu na bamvua linakuja, kila siku maji yatapanda zaidi ya mstari huo. Tazama juu zaidi utafute mstari wa zamani, mweusi, uliokauka kabisa na kuchanganyika na majani. Hema likae nyuma ya huo wa zamani, mahali ambapo majani ya nchi kavu yameshaota.

Inua macho. Kama kuna mnazi juu yako, ondoka. Dafu likianguka halina salamu, na kuti kavu nalo lina uzito wake. Chini ya mvinje ni pazuri: kivuli chembamba, upepo unapita.

Sasa kigingi. Kigingi cha chuma kilichokuja na hema hakishiki mchanga. Ukikisukuma kinaingia kama kijiti kwenye uji, na upepo wa kwanza unakitoa. Chukua yale magunia. Jaza mchanga hadi nusu, funga mdomo kwa kamba ya hema yenyewe, chimba shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, laza gunia ndani, fukia, kanyaga. Kamba itoke ardhini ikielekea hema kwa mlalo, isiwe wima. Ivute kwa nguvu zako zote. Ikiwa haisogei, umemaliza kona moja. Mlango uangalie pembeni mwa upepo. Wakati wa kusi upepo hutoka kusini, wakati wa kaskazi hutoka kaskazini mashariki.

7. Washa moto kwa vifuu. Omba makumbi (maganda ya nje ya nazi, yenye nyuzi) na vifuu (maganda magumu ya ndani) kwa mwenye shamba, mara nyingi havina kazi kwake. Makumbi huwaka taratibu na moshi wake hufukuza mbu. Vifuu hutoa moto mkali, vikishika ndipo uweke mkaa juu. Samaki nunua banda la samaki mashua zikirudi, si barabarani. Tazama jicho liwe wazi na shavu analopumulia liwe jekundu. Changu au tafi wa kuchoma, ndimu, chumvi, pilipili, na mahamri ya jana. Anayebeba nyama ya ng'ombe kutoka mjini kuja kupiga kambi Gazi mimi simwelewi.

8. Siku ya pili, nenda Shimoni. Toka Gazi, pita Msambweni, Ramisi, kisha Kanana kata kushoto. Hapa ardhi inabadilika: si mchanga tena, ni mwamba wa matumbawe wa zamani, una ncha na mashimo. Magunia yako hayana pa kufukiwa, vigingi haviingii. Funga kamba kwenye mawe mazito, jiwe moja kila kona na la pili juu ya kamba. Weka turubai na mkeka chini ya hema, la sivyo sakafu itatoboka usiku wa kwanza. Usikanyage ukingo wa mwamba gizani, hata kwenda haja ndogo.

Mchana huo lione pango lililotumika wakati wa biashara ya watumwa, halafu upumzike.

9. Siku ya tatu asubuhi, chagua: Wasini au Vanga. Zote mbili kwa siku moja ni kujichosha.

Wasini kisiwani hakuna magari. Acha lako Shimoni kwa mtu mliyekubaliana naye, panda mashua iliyo na maboya ya kutosha kila abiria, na hesabu mwenyewe. Kisiwa hakina chemchemi ya maji matamu, watu huvuna maji ya mvua, kwa hiyo beba ya kwako na usiombe ya kuoga. Kuna bustani ya matumbawe inayotunzwa na akina mama, unatembea juu ya mbao. Ukitaka kupiga mbizi Kisite, saa ya kuondoka na ya kurudi ni ya nahodha. Akisema bahari leo haifai, usibishane naye wala usitafute mwingine anayekubali. Ijumaa kati ya saa sita na saa nane usimtegemee mtu, wako msikitini.

Vanga nayo ni kutoka Lunga Lunga, kushoto, kilomita kumi na kitu za njia ya ndani. Nenda mchana na urudi Shimoni kulala. Mji umekaa chini kabisa, umezungukwa na mikoko na tope, na bamvua kubwa huingiza maji mitaani. Mto Umba unaoshuka kutoka Usambara humwaga maji karibu hapo, na masika ukifurika njia haipitiki. Kwa mtumbwi ndani ya mikoko, kwa pweza na kwa mazungumzo, Vanga haina mfano kusini kote. Kwa hema, hapana. Na ukiwa mtumbwini mwambie mwenyewe asivuke upande wa Tanzania. Maji hayana ukuta, lakini mpaka upo.

10. Siku ya nne, ondoa kambi. Zima moto kwa maji, si kwa mchanga. Mkaa uliofukiwa hubaki na moto kwa saa nyingi na mtoto wa kijiji hukanyaga peku. Takataka zote zirudi na gari hadi Ukunda. Muage mwenyeji wako. Panga kufika Likoni kabla ya saa tisa.

Makosa yanayorudiwa

Kuendesha gari ufuoni. Wakati maji yamekupwa mchanga unaonekana mgumu, unavutia. Lakini juu ya mstari wa maji, unapopitia kushuka, kasa hutaga mayai mchangani, na bahari inarudi haraka kuliko unavyochimbua gari.

Kulala ndani ya kaya. Misitu ile mikubwa iliyobaki katikati ya mashamba, kama Kaya Kinondo, ni mahali patakatifu pa Wamijikenda, na kadhaa kati yake ziko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008. Unaingia kwa ruhusa na kwa masharti ya wazee, hulali. Ukikuta kitambaa au chetezo chini ya mbuyu au pangoni, pita kando.

Kutembea kijijini na nguo za kuogelea. Gazi, Wasini na Vanga si Diani. Jifunge leso. Pombe nayo iache huko huko Diani.

Kuacha chakula ndani ya hema. Tumbili na nyani wanajua zipu. Funga chakula garini, vioo juu.

Kusafiri usiku. Kuna ng'ombe, malori ya mpakani na pikipiki zisizo na taa.

Kuokota makombe na matumbawe ya ukumbusho. Ndani ya hifadhi ni kosa kisheria, na nje yake ni tabia mbaya tu.

Mambo yakiharibika

*Gari limezama mchangani.* Acha kukanyaga mafuta; kila mzunguko wa tairi unachimba kaburi. Shusheni mizigo na watu. Punguza upepo wa tairi hadi kama 18 au 20 psi, chimba mbele ya kila tairi, tandika makuti au magunia, halafu toka kwa gia ndogo, taratibu. Ukifika kwenye ardhi ngumu jaza upepo tena kabla ya kurudi lami. Vijana wakikusukuma, watoe shukrani ya mkononi.

*Maji yanakaribia hema.* Usianze kukunja. Toa watu, kisha mizigo, kisha beba hema lilivyo, na fito zake, juu mita 20.

*Mtu amechomwa na taa (yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani) au samaki wa mwambani.* Tia mguu ndani ya maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, nusu saa hadi saa moja na nusu, ukiyapima kwanza kwa mkono wako. Kisha mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Msambweni. Miba ya wale viumbe weusi wa miambani, wa duara kama nungunungu wadogo, ukiilazimisha hukatikia ndani. Itoe inayotoka kwa urahisi tu, nyingine mwachie daktari.

*Homa ndani ya wiki mbili tatu baada ya kurudi.* Pima malaria siku hiyo hiyo, na umwambie daktari ulilala wapi.

*Dharura yoyote.* Piga 999 au 112, lakini kwanza mwite mwenyeji wako. Yeye atakuwa amekwisha fika.

*Salio la simu limeyeyuka Vanga.* Simu imenasa mtandao wa Tanzania bila kukuuliza. Ukifika Lunga Lunga ingia mipangilio, zima uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha, uchague mtandao wako wa Kenya kwa mkono, na uzime data hadi utakaporudi Kanana.